Masizi Aliyetakata

Hebu mwone kwanza anavyokuja. Ni asubuhi, vumbi la barabarani limemwagiwa maji, milango ya maduka inafunguliwa mmoja mmoja, na mtu mrefu mwembamba anapita kando ya mtaro, funguo zinaning'inia kwenye kidole cha mwisho, mkononi kapu. Hatua ishirini mbele yake anatembea mzee aliyevaa koti. Mtu wetu hajamwona uso wala hajamsikia sauti, lakini anaita: "Shikamoo, mwalimu! Naona ile shingo bado inakusumbua!" Mzee anageuka, anacheka. "Marahaba, fundi. Umenijuaje?" Punde fundi viatu wa duka la jirani anatokea, wanakutana pua kwa pua, na mtu wetu anamsalimia juu juu tu, kama unavyomsalimia mgeni kwenye foleni. Mpaka fundi viatu ampite, yeye ageuke nyuma, ndipo anapojipiga kofi la paji la uso: "Aa! Kumbe ni wewe, bwana!"

Usimcheke. Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Huyu ni kinyozi, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa akisimama nyuma ya watu. Uso wako uko kule kwenye kioo, kulia kumekuwa kushoto, na wewe mwenyewe ndiye unayeushughulikia. Kilichoko mikononi mwake ni kisogo. Anakijua kisogo chenye bonde na kisogo bapa, anaijua shingo yenye mikunjo miwili na yenye mitatu, na zaidi ya yote anapajua pale nywele zinapojizungusha, kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Hapo yeye hupaita kimbunga. Wengine kimbunga chao kinazungukia kulia, wengine kushoto, wachache wana viwili. "Utanenepa, utakonda, utafuga ndevu mpaka mama yako asikutambue," huwaambia wateja huku akiwapuliza nywele shingoni, "lakini kimbunga chako hakiendi popote." Mtaa mzima unamwita Kisogo, naye anaitika bila kinyongo.

Sasa chungulia ndani ya kapu. Kuna mbwa. Mbwa mdogo wa kufugwa ndani, wa aina ile isiyozidi uzito wa pasi ya mkaa, amelala juu ya taulo kuukuu. Kisogo anafungua duka, anaweka kapu chini ya meza ya mashine, kisha anachuchumaa na kumtazama mbwa usoni kwa muda mrefu, macho kwa macho. Anafanya hivyo kila asubuhi. Na kila asubuhi anainuka akijikuna kichwa, kwa sababu hajui, Mungu wangu, hajui kabisa, kama mbwa huyu ndiye.

Ngoja nikueleze ilivyoanza.

Miezi kumi nyuma mdogo wake wa kike aliingia dukani na ovaroli yake ya kazi, zipu imefungwa mpaka kidevuni. Yeye ni fundi umeme, mpandaji wa nguzo, na alikuwa anakwenda mbali kuvuta laini mpya, kukaa kambini miezi kumi. Akafungua zipu, kikatoka kichwa. Kichwa cha mviringo kama limau, pua fupi iliyobonyea, masikio mawili yameanguka kama majani yaliyokosa maji, macho yenye ukungu wa kijivu, na uso wote, kuanzia paji mpaka kidevuni, mweusi ti. Mweusi kama sufuria ya kuni kwa chini.

"Anaitwa Masizi," alisema mdogo mtu.

"Hilo jina halihitaji maelezo," Kisogo alijibu, akampokea, na kama ilivyo desturi ya mikono yake, kitu cha kwanza alichofanya ni kumgeuza amwone nyuma. Akaona jambo likamfurahisha. Alitaka kulisema, lakini mdogo wake alikuwa ameshaanza.

"Kaka. Unakikumbuka kifaranga?"

Kisogo alikikumbuka sana.

Kifaranga kilikuwa hivi. Yeye akiwa na miaka tisa na dada mtu sita, msichana alikuwa na kifaranga chake cha manjano, analala nacho, anakula nacho. Siku moja kaka mtu akirudi nyuma kwa kasi, akakikanyaga. Hakulia. Alikwenda kwa jirani, akaomba kingine cha rangi ileile, akakiweka mahali pa kile, akanyamaza. Msichana hakujua. Kifaranga kikakua, kikawa kuku, kikaanza kutaga, na baada ya mwaka mzima kaka mtu akashindwa kubeba mzigo, akamwambia ukweli wenyewe wakiwa wanakula yai. Msichana aliliacha yai palepale. Na hapo ndipo paliuma kuliko kifo cha kifaranga: kwamba alikuwa akikiita, akikibusu, akiamini ndicho, na macho yake mwenyewe hayakumwambia kitu.

"Tangu siku ile," alimwambia sasa, huku akimkuna mbwa kidevu, "likija suala lako mimi siamini macho yangu wala mdomo wako. Lakini wewe ni kaka yangu na sina mwingine. Kwa hiyo nakupa mtihani wa marudio. Nitamkuta huyu huyu?"

"Huyu huyu, mdogo wangu. Unywele kwa unywele."

"Usile kiapo. Mlishe tu."

Akafunga zipu, akaenda zake.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Masizi alikula, akalala, akatafuna ncha za mataulo. Lile wingu la kijivu machoni likayeyuka polepole, macho yakawa kahawia kama chai ya rangi. Kisogo aliliona, akasema moyoni, ni mwanga wa taa. Kisha sikio la kushoto likasimama. La kulia likabaki limelala. Kwa wiki nzima mbwa alionekana kama mtu anayepokea simu.

"Huyu mnyama amepinda," alisema mwalimu mstaafu, ambaye huja kunyolewa kila Jumanne ingawa nywele zake zinahesabika.

"Litasimama na lingine, mwalimu."

Likasimama kweli. Kisha meno yakaanza kung'oka, Kisogo akayaokota sakafuni katikati ya nywele za wateja akidhani ni punje za mchele, na masikio yote mawili yakaanguka tena. Kisha yakasimama tena. Mtu hajui ashike lipi.

Lakini hayo yalikuwa mazoezi tu. Mwezi wa tatu, siku moja akimchana mbwa uso kwa kitana kidogo cha masharubu, aliona jambo ambalo kinyozi yeyote analijua. Kwenye shina, pale nywele inapotoka kwenye ngozi, weusi umekwisha. Ncha nyeusi, shina la rangi ya nyasi kavu. Akampeleka kwenye mwanga wa mlangoni. Akapuliza. Uso mzima: juu nyeusi, chini nyasi kavu.

"Piko!" alisema kwa sauti, mteja kitini akashtuka.

"Piko gani tena, fundi? Mimi sijaomba piko."

"Si wewe, mzee wangu. Huyu. Huyu amepakwa piko!"

Maana ndivyo anavyowajua waheshimiwa wanaopaka nywele rangi. Wiki tatu tu, mashina yanawasema. Kwa hiyo akaamini kwamba mdogo wake ametapeliwa, kauziwa mbwa aliyetiwa rangi. Akamwonea huruma kwa siku nne. Siku ya tano mkewe, ambaye ni mpishi wa shule na hana muda wa kuzunguka mbuyu, akamuuliza, "Baba watoto, nani ana akili ya kumkalisha mbwa wa miezi miwili ampake piko mpaka kwenye kope?" Kisogo akafikiri. Akaona kweli hakuna. Ile nadharia ikamfia mkononi, na hakuwa na nyingine ya kuweka mahali pake.

Nyingine ikaja yenyewe, na ilikuwa mbaya zaidi.

Alasiri moja, akimalizia kisogo cha mwalimu, aligeuka akakuta kapu tupu. Mlango ulikuwa wazi. Alitoka na kitana mkononi, akauliza kwa fundi viatu, akauliza stendi, akauliza kwenye kinu cha unga, akaita Masizi, Masizi, mpaka watu wakadhani anatangaza dawa ya kusugulia sufuria. Saa nne nzima. Alirudi dukani mikono mitupu. Ndipo mwanamke muuza ndizi wa barabara ya pili alipotokea, beseni kichwani, mbwa begani kama mtoto anayecheulishwa.

"Huyu si wako?"

"Ndiye!" Kisogo alisema palepale, hata beseni halijashuka.

Akampokea, akamfuta matope, akamshukuru mama yule mpaka akachoka. Lakini walipobaki wawili, alimkalisha mezani mbele ya kioo, akamwangalia uso, na furaha ikamtoka kama upepo kwenye tairi. Pua hii mbona ndefu? Manyoya ya mashavuni yako wapi? Macho yamekaribiana lini? Uso ule wa limau ulikuwa umekonda, umechongoka, kama wa nyani aliyeudhiwa na mtu, na kuzunguka mdomo ule weusi umekuwa rangi ya vumbi. Asubuhi alikuwa hivi? Au asubuhi hakumtazama? Akajaribu kuukumbuka uso wa asubuhi. Hakukumbuka kitu. Alikumbuka uso wa ile siku ya zipu, ule tu, kwa sababu picha yake ilikuwa kwenye simu.

Kuanzia hapo akawa mtu wa kuchuchumaa kila siku mbele ya kapu.

Alimpeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke mwenye buti za mpira na mikono isiyo na papara. Akamweka mezani, akatoa simu, akaonyesha picha.

"Daktari, huyu na huyu ni mmoja?"

Daktari alitazama picha, akamtazama mbwa, akamfungua mdomo. "Watoto wa mbwa hawa wadogo huzaliwa na uso mweusi, wengi wao. Nywele inayoota baadaye inatoka nyepesi, kwa hiyo weusi unasukumwa kwenda nje mpaka unakwisha. Pua inarefuka. Manyoya ya utotoni yanapukutika usoni, miezi minne mpaka sita hivi. Hapo wanakuwa na sura mbaya, watu wanakuja wanalia wakidhani ni ugonjwa. Kisha manyoya ya ukubwani yanakuja, sura inatulia."

"Kwa hiyo ni yeye!"

"Sijasema hivyo. Nimesema wanabadilika. Kwamba huyu ndiye yule, kaka, mimi nilikuwepo?"

"Sasa nitajuaje?"

"Wewe ndiye unayekaa naye," alisema daktari, akavua glavu. "Na usije ukampaka madawa ya saluni. Nakuona unavyofikiri. Yataingia machoni."

Basi akatoka pale amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Kama mbwa amebadilika, anaweza kuwa yuleyule. Kama si yuleyule, angebadilika vilevile. Kila alilolipata lilikuwa na makali kuwili.

Na mdogo wake je? Kule kambini mtandao ulikuwa unapatikana juu ya nguzo tu. Kwa hiyo alikuwa anapiga simu akiwa juu, upepo unavuma, koleo zinagonga. "Kaka! Nitumie picha ya Masizi!" Mwanzoni Kisogo alituma picha za kweli. Uso ulipoanza kwenda kombo akaogopa. Mbwa mwenye uso wa nyani atamwelezaje? Akarudi kwenye picha za mwezi wa kwanza, alikuwa nazo kumi na saba, akawa anazitoa moja moja kama mtu anayebania sukari.

"Mbona hakui huyo?" sauti ya juu ya nguzo iliuliza mwezi wa saba.

"Ni mbwa mdogo, mdogo wangu. Ndicho kimo chake."

"Hata kidogo?"

"Mtandao unampunguza."

Mkewe, aliyekuwa akikosha vyombo, aliacha sufuria akamgeukia. "Mtandao unampunguza! Wewe mwanamume, unajua unachokijenga?"

"Najua," alisema Kisogo. Hakujua.

Mwezi wa nane manyoya mapya yalianza kujaa, marefu, laini, ya rangi ya asali iliyotiwa maji. Ule uso wa nyani ukaondoka kama ulivyokuja. Akabaki mbwa mzuri, msafi, mwenye uso mwangavu na masikio wima, ambaye hata chembe ya masizi hana. Jina lilibaki linaning'inia juu yake kama kofia ya mtu mwingine. Ukimwita Masizi, anakuja mbio. Lakini ukimwita Kijiko, mwalimu alijaribu, anakuja mbio vilevile.

Kisha ikaja simu, safari hii bila upepo. "Kaka, tumemaliza. Nakuja Jumamosi asubuhi, moja kwa moja dukani."

Ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni.

Hapo sasa, msomaji wangu, ndipo mtu mwema anapofanya jambo ambalo ukimsimulia mwenzako utalazimika kwanza kumuapia. Kisogo alifikiri: nikimwonyesha mbwa huyu wa rangi ya asali, atasema nimebadilisha. Nikimwambia wanabadilika, atasema, ulinitumia picha nyeusi wiki iliyopita. Kila mlango ameufunga mwenyewe. Piko daktari amekataza. Akaingia jikoni, akachukua sufuria kubwa ya kuni ambayo mkewe huazima shuleni, akaigeuza, akakwangua chini kwa kijiko. Akachanganya na mafuta ya nazi kidogo. Na asubuhi ya Jumamosi, nyuma ya pazia la duka lake, kwa brashi ya kunyolea, akampaka Masizi masizi.

Alifanya kazi nzuri, usimdharau. Alianzia paji la uso, akazungusha machoni kwa kidole kwa uangalifu, akashusha mashavuni, akamalizia kidevu. Mbwa alikaa kimya, anamlamba kifundo cha mkono. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja kuangalia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita akauona ule uso wa kwenye zipu, au kitu kinachofanana nao ukikikazia macho nusu.

"Fundi," alisema mwalimu kutoka kitini, maana siku hiyo alikuja nje ya ratiba kwa udadisi tu, "huyo sasa anafanana na mwizi wa usiku."

"Nyamaza, mwalimu, nakuomba."

Mdogo wake aliingia na begi mgongoni, amekuwa mweusi wa jua, mikono imekomaa. Hakumsalimia mtu. Alipiga magoti sakafuni akafungua mikono. "Masizi!"

Mbwa alitoka mbio chini ya meza. Alimrukia kifuani, akamlamba shavu, akamsugua kichwa shingoni, akamzunguka, akamrukia tena. Na mwanamke yule mpanda nguzo, ambaye hajalia tangu siku ya yai, akauficha uso wake kwenye manyoya ya mbwa. Walikaa hivyo.

Kisha mdogo mtu akainua kichwa, akajiona kwenye kioo.

Alikuwa na masharubu. Alikuwa na kiraka cheusi kwenye shavu moja na alama ya pua ya mbwa kwenye paji la uso. Shati lake jeupe la safari lilikuwa kama limepigwa pasi yenye kutu. Na mikononi mwake mbwa alikuwa nusu mweusi nusu rangi ya asali, anatikisa mkia.

Mwalimu alijifunika taulo usoni mwenyewe.

"Kaka," alisema dada mtu, polepole. "Hii ni nini?"

"Masizi."

"Nakuuliza hii iliyoko shavuni kwangu."

"Ndiyo nakujibu, mdogo wangu. Masizi. Ya sufuria."

Akasimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Kisogo. Alimweka mbwa begani, akavuta kiti cha wateja akakaa mgongo kwa kioo. "Haya. Wa kwangu alikufa lini?"

"Hajafa! Ndiye huyu! Uso umebadilika tu, muulize daktari, wote wanabadilika, weusi unasukumwa nje..."

"Na zile picha?"

"Niliogopa."

"Na sufuria?"

"Niliogopa zaidi."

"Mtu mwenye mbwa wa kweli anaogopa nini?"

Lilikuwa swali zuri. Kisogo alimtazama mdogo wake, akamtazama mbwa aliyelala begani mwake na kichwa kimeelekea kule kwenye kioo. Yaani kutoka pale aliposimama, alikuwa anamwona kwa nyuma. Na kitu kikamgonga kichwani kama mtu aliyewashiwa taa. Hivi ndivyo alivyomwona siku ile, begani kwa muuza ndizi. Hivi, kwa nyuma. Na alisema "Ndiye" kabla hata hajafikiri! Miezi sita amekuwa akichuchumaa mbele ya uso, yeye, Kisogo, ambaye maisha yake yote hajawahi kumjua mtu kwa uso!

"Mshike hivyo hivyo," alisema. Akachukua kitana. Akafungua mkanda wa shingoni mwa mbwa, ule mkanda aliomfunga siku ileile aliyorudishwa, asipotee tena, akatenganisha manyoya polepole, kama anavyotenganisha nywele za mtu anayemheshimu.

Vilikuwepo. Vimbunga viwili, bega kwa bega, kimoja kinazungukia kulia na kingine kushoto.

"Njoo uone," alisema. "Viwili. Niliviona siku uliyomleta. Nilimgeuza, unakumbuka nilimgeuza? Nilitaka kukwambia, ukaniingilia na kifaranga."

Mdogo wake aligeuza shingo, akatazama. Akavigusa kwa kidole.

"Nani mwingine aliviona siku ile?"

"Hakuna."

Akatoa simu. Akapitia picha zote, za kwake na alizotumiwa. Pua, macho, masikio, pua tena. Ni nani anayepiga picha kisogo cha mbwa?

"Mbwa wengine hawana viwili?"

"Sijui," alisema Kisogo, maana alikuwa amechoka kusema asilolijua. "Sijawahi kunyoa mbwa."

Mwalimu alicheka ndani ya taulo, akajizuia. Mdogo mtu hakucheka, ila pembe moja ya mdomo ilitikisika chini ya yale masharubu.

"Kile kifaranga," alisema baadaye, akimtazama kaka yake usoni. "Mwaka mzima ule. Uliwahi kuniambia ndicho?"

Kisogo akafikiri. "Hapana. Hukuniuliza. Ningeulizwa, ningelia."

"Sasa nakuuliza."

"Ndiye."

Mdogo wake alimtazama kama anavyotazama waya kabla ya kuugusa. Kisha akainuka, akavuta taulo safi kwenye msumari, akajifuta uso nusunusu, akabeba begi. "Kapu lake nalichukua," alisema. "Na hilo taulo la ndani. Kesho nitakuja kula kwenu. Mwambie shemeji yangu asipike kwenye hiyo sufuria." Hakusema anaamini. Hakusema haamini. Akatoka.

Kisogo aliwasha mashine ya kunyolea amrudie mwalimu, akaiacha kazi, akasimama mlangoni nayo mkononi, hajakumbuka hata kuizima. Aliwaona wakienda, kisogo cha mdogo wake chenye kovu la kuanguka kitandani, na kile kidogo cha rangi ya asali chenye mizunguko yake miwili. Wote wawili angewajua popote duniani. Pale kona ya kinu cha unga, mdogo wake akamshusha mbwa chini. Akatembea hatua tano peke yake. Kisha akageuka, akachuchumaa, akafungua mikono na kumwita kwa jina.

Mbwa alikwenda mbio. Lakini mashine ilikuwa inanguruma mkononi mwa kinyozi, na kutoka pale mlangoni hakusikia ameitwa nani. Alimuuliza mwalimu, mwalimu alikuwa na taulo masikioni. Alitaka kumuuliza muuza ndizi aliyekuwa akitokea kule konani, akaona haya.

Nawe, kama ungekuwa pale konani, masizi bado yamekukauka shavuni na mbwa nusu mweusi nusu rangi ya asali anakusubiri umwite, ungemwita jina gani?